Pacha mmoja hulia, mwenziwe ametulia: je, ni damu ya shangazi yao?

Barua

Assalamu alaikum.

Mimi ni mkazi wa Kisauni, mama wa pacha wenye umri wa miezi tisa, msichana na mvulana, na huu ndio uzazi wangu wa kwanza. Walizaliwa wiki nne kabla ya siku zao kutimia. Mvulana alipata manjano siku ya pili, akawekwa chini ya taa kwa siku kadhaa, na tulipokuwa tukitoka hospitali muuguzi aliniambia nisiziweke nguo zake pamoja na naftalini. Sababu hakunieleza, wala mimi sikuuliza kwa jinsi nilivyokuwa nimechoka.

Linalonisumbua ni la msichana. Tangu akiwa na wiki chache amekuwa mtoto wa kushtuka. Honi ya tuktuk ikilia barabarani huruka mwili mzima. Jirani akiwasha mashine ya kusagia juisi hulia mpaka sauti ikamkauka. Na akija mgeni huuficha uso kifuani mwangu, hata kama mgeni mwenyewe ni nyanya yake aliyekuja wiki iliyopita. Usingizi wake ni wa vipande vipande, na kila akiamka ni kilio. Hukaa vizuri bila kushikwa, huokota vitu kwa vidole, hutamka "bababa" na "dadada", lakini kutambaa hataki kabisa. Kaka yake ni kinyume chake. Yeye hutambaa, hushika kiti akasimama, hucheka na kila ambebaye, na hulala usiku kucha hata kukiwa na ngoma ya harusi mlango wa pili. Hata tukimwita kwa jina yeye yumo katika shughuli zake, hana habari na mtu. Wote wanaokuja humsifu kwa utulivu huo.

Mume wangu ana dada ambaye alipofika miaka 20 alipatwa na maradhi ya akili, na hadi leo yuko kwao Likoni, anatumia dawa. Mavyaa wangu alisema mbele ya wageni kwamba msichana huyu ni shangaziye mtupu, kwamba wifi yangu naye alipokuwa mdogo alikuwa hivi hivi, na kwamba damu haipotei. Tangu siku hiyo naona majirani wanamtazama mwanangu kwa jicho jingine, na wengine hawataki kumbeba. Mama yangu mzazi hakubaliani na habari ya damu. Yeye anasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na kwamba mimi nimemdekeza kwa kumnyanyua kila anapolia. Nimwache alie, atazoea. Sasa kila mmoja anavuta upande wake, na pande zote mbili zinaniangukia mimi. Isitoshe, nilipokuwa na mimba ya miezi saba nilifiwa na baba yangu, nikalia sana, na siku hizi nalala nikijiuliza kama machozi yale ndiyo yaliyomharibu. Lakini wote wawili walikuwa tumboni.

Mume wangu, ambaye hufanya kazi ya zamu bandarini, amesoma katika simu kwamba kuna kipimo cha jeni kinachoonyesha mtoto atakuwa na tabia gani ukubwani, na anataka tuweke akiba ya fedha tukapime. Amepakua pia katuni za kukuza akili za watoto wachanga, na kila akiwa nyumbani huwawekea wote wawili. Mavyaa naye kila Ijumaa humpaka msichana wanja wa jiwe machoni na kwenye nyusi ili kumkinga na jicho la watu, na sikukuu inayokuja anataka wote wawili wapakwe hina.

Naomba kujua: tabia ya mtoto huyu imo katika damu, au nimeifanya mimi? Je, atakuwa kama shangazi yake? Na nifanye nini?

Mama Pacha, Kisauni

Jibu

Wa alaikum salaam, Mama Pacha.

Sentensi yako moja fupi, ile ya kwamba wote wawili walikuwa tumboni, ina hoja ambayo mavyaa wako na mama yako hawajaijibu. Ikiwa ni damu ya upande wa baba, mvulana naye ni wa damu hiyo. Ikiwa ni malezi, wamenyonya ziwa moja na kulala chumba kimoja. Nitaanzia hapo, kisha nitakuomba umtazame kidogo yule mtoto ambaye hukuniulizia.

Pacha wa kike na wa kiume hutokana na mayai mawili tofauti. Kwa upande wa jeni, yaani maelekezo ya urithi ambayo mtoto hupokea kwa wazazi wake, hao ni ndugu kama ndugu wengine wowote waliozaliwa kwa baba na mama mmoja: wastani wa nusu ya yale yanayowatofautisha watu katika jeni zao ni ya pamoja, na nusu si ya pamoja. Kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kutarajia kwamba watafanana tabia kwa kuwa walizaliwa siku moja. Wanasayansi wamelitumia jambo hili kwa muda mrefu, wakilinganisha pacha wa namna yako na pacha waliotokana na yai moja. Mwaka wa 2015 kulichapishwa majumlisho ya tafiti za miaka 50 zilizohusu zaidi ya jozi milioni 14 za pacha, na wastani uliopatikana ni kwamba takriban asilimia 49 ya tofauti zilizopo kati ya watu, ukichanganya sifa za mwili na za tabia, inaambatana na tofauti za jeni zao.

Tarakimu hiyo huwapoteza wengi. Husomwa kana kwamba kila mtoto amegawanywa katikati, nusu yake ni ya damu na nusu ni ya malezi, ilhali inahusu tofauti zilizopo katika umati wa watu, wala haisemi lolote juu ya mtoto mmoja. Ndani ya mtoto mmoja mgawanyo huo haupo. Ukishapika wali wa nazi, hakuna atakayekutengea mchele kando na tui kando. Mabishano ya nyumbani kwako hayaishi kwa sababu kila upande unadai sahani nzima ni yake.

Hebu tutazame jinsi ubongo wenyewe unavyojengwa. Binadamu ana takriban jeni 20,000 zinazotoa maelekezo ya kutengeneza protini, na ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86, kila moja ikiwa imeunganishwa na nyingine nyingi. Ni dhahiri kwamba jeni 20,000 haziwezi kuandika mapema kila kiungio kitakaa wapi. Zinachofanya ni kuweka ramani ya jumla na kuzalisha viungio kwa wingi kupita kiasi, kisha matumizi ndiyo huamua vipi vibaki na vipi viondolewe. Daktari Peter Huttenlocher wa Chicago, aliyevihesabu viungio hivyo kwa hadubini, aliona kwamba katika sehemu ya ubongo inayoshughulikia uoni vinafikia kilele ndani ya mwaka wa kwanza, kisha vinaanza kupunguzwa, ilhali katika sehemu ya mbele, inayohusika na kujizuia na kupanga mambo, kazi ya kupunguza huendelea hadi ujanani. Ubongo ambao mtoto huzaliwa nao una takriban robo ya uzito wa ubongo wa mtu mzima, na anapotimiza miaka miwili umekwisha kufikia karibu asilimia 80 ya ukubwa huo. Mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho akachelewa kufanyiwa upasuaji anaweza kubaki haoni vizuri hata jicho likisafishwa baadaye, kwa sababu ubongo ulikosa mwanga katika miezi ambayo jeni zilikuwa zikiungojea. Jeni hufungua mlango kwa muda, na kinachoingia wakati huo ni cha mazingira ya nje.

Sasa tabia ya msichana. Mwaka wa 1956 huko New York, madaktari Alexander Thomas na Stella Chess walianza kuwafuatilia watoto tangu uchangani. Waliona kwamba takriban 40 kati ya kila 100 ni wepesi wa kulea, 10 ni wagumu, 15 ni wazito wa kuzoea watu na mambo mapya, na waliobaki ni mchanganyiko. Baadaye Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwaonyesha watoto wa miezi minne vitu vigeni na kuwasikilizisha sauti wasizozijua, akakuta kwamba takriban mmoja kati ya watano hurusha mikono na miguu na kulia. Huyo ni binti yako. Tofauti hizo huonekana mapema mno kiasi kwamba haiwezekani kumlaumu mama, na jeni zina sehemu yake ndani yake. Lakini Kagan hakuishia hapo. Aliwafuatilia watoto hao kwa miaka mingi, na wengi wao hawakuwa waoga wa kupindukia. Walichobaki nacho ni hadhari: huchunguza kwanza ndipo wakaingia. Mjini kwetu, penye bodaboda kila kona, sioni kama hadhari ni aibu.

Kuhusu shangazi yao, kushtuka na kulia kwa mtoto wa miezi tisa si dalili ya maradhi ya akili. Hukutaja wifi yako anaugua nini, nami sitakisia. Nitachukua skizofrenia, maradhi yanayoweza kumfanya mtu asikie au aone yasiyokuwepo, kama mfano, kwa kuwa ni miongoni mwa maradhi ya akili yanayofuata ukoo zaidi kuliko mengine. Hata pacha wa yai moja, ambao jeni zao ni karibu sawa kabisa, mmoja akiugua mwenziwe huugua kwa kiwango kisichofikia nusu ya jozi. Kwa mtoto ambaye shangazi yake anaugua, makadirio yanayotumiwa sana hayazidi 4 kati ya 100, na kwa mtu asiye na mgonjwa katika ukoo ni kama 1 kati ya 100. Yaani hata hesabu ikiwa mbaya, watoto 96 kati ya 100 wenye shangazi kama huyo hawaugui. Kipimo anachokitafuta mume wako hakina jibu hilo wala la tabia, kwa sababu tabia inahusisha maelfu ya tofauti ndogo ndogo za jeni, kila moja ikiwa na nguvu kidogo mno. Fedha hizo zina kazi nyingine, nitaitaja.

Kinachonitia hofu zaidi ni ile sentensi iliyosemwa mbele ya wageni. Unasema watu wengine hawataki tena kumbeba. Hapo ndipo malezi na damu vinapoanza kuchanganyika kwa ubaya: mtoto mwenye kulia hubebwa kidogo, husemeshwa kidogo, hutazamwa kwa wasiwasi, na kwa kutendewa hivyo hukosa mazoezi ya kuzoea watu, kisha akiwa na miaka mitatu watu watasema waliona tangu mwanzo. Mtoto hujitengenezea mazingira yake bila kujua, na wakubwa wake humsaidia kuyatengeneza vibaya. Pacha wako wanaishi nyumba moja, lakini si katika mazingira mamoja.

Upande wa pili wa jambo hilo una habari njema, na ni habari ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuzisoma kuhusu watoto wa namna hii. Mwaka wa 1994 mtafiti Dymphna van den Boom wa Uholanzi alichapisha matokeo ya kazi aliyoifanya na watoto 100 waliochaguliwa kwa makusudi kwa sababu walizaliwa na hasira na kilio, wote wa familia zenye kipato kidogo. Nusu ya mama zao walitembelewa nyumbani mara tatu tu, mtoto akiwa kati ya miezi sita na tisa, wakafundishwa kuzisoma ishara ndogo za mtoto: anapogeuza uso kwa kuchoka, anapotaka kuchezeshwa, anapotaka kutulizwa, na kuitikia ipasavyo. Walipotimiza mwaka mmoja, zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na mshikamano wa utulivu na mama zao, ilhali katika kundi ambalo halikutembelewa walikuwa chini ya theluthi. Jeni zao hazikubadilishwa na mtu.

Kwa hiyo, kwa heshima zote kwa mama yako mzazi, hujamdekeza. Kumnyanyua mtoto wa umri huu anayelia kwa hofu ni kumfundisha mwili wake jinsi ya kushuka kutoka katika hofu. Lakini kuna jambo moja ambalo ningekuomba ulibadilishe: usimwondoe kabisa kwenye kinachomshtua. Mgeni akija, mbebe, keti naye mbali kidogo, mwombe mgeni asimnyooshee mikono wala asimkazie macho kwa dakika kumi za mwanzo, na umwache binti aanze yeye mwenyewe kuchungulia. Jirani akitaka kuwasha mashine, mwombe akuite; mwonyeshe mtoto mashine ikiwa imezimwa, aiguse, kisha iwashwe ukiwa umempakata kwa umbali, na siku nyingine kwa umbali mdogo zaidi. Kumkwepesha kila kitu huilisha hofu, na kumtupia kila kitu huilisha vilevile.

Machozi ya msiba wako yaweke kando. Ziko tafiti zinazohusisha dhiki kali na ya muda mrefu wakati wa ujauzito na watoto wenye kulia zaidi, lakini uhusiano huo ni wa wastani wa makundi, na ni mdogo. Wanawake wengi mno wamezika wazazi wao wakiwa wajawazito na watoto wao wako salama. Na wewe mwenyewe umekwisha kusema: walikuwa wawili.

Sasa nije kwa mvulana.

Barua nzima umemsifu kwa utulivu. Halali vibaya kwa ngoma, hashtuki kwa honi, haitiki jina lake. Yawezekana kabisa ni mtoto mwepesi, mmoja wa wale 40. Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, akapata manjano ya kuhitaji taa, kisha akiwa na miezi tisa akaitwa jina na asigeuke, anatakiwa apimwe masikio kabla hajasifiwa. Bilirubini, ile rangi ya njano iliyomo katika damu, ikizidi sana kwa mtoto mchanga inaweza kuingia ubongoni na kuumiza njia za usikivu na sehemu zinazoongoza mwendo. Taa aliyowekewa ilikuwa ni ya kuzuia hilo, na mara nyingi huzuia. Hata hivyo masikio hayapimwi kwa kukisia. Mtoto asiyesikia vizuri akigunduliwa mapema akasaidiwa, ubongo wake bado una viungio vingi vya kujengea lugha. Akigunduliwa akiwa na miaka mitatu, sehemu ya nafasi hiyo imekwisha kupita. Fedha za kipimo cha jeni ziende huku.

Onyo la muuguzi kuhusu naftalini lina maelezo yake, na ndilo somo bora kuliko yote juu ya swali lako la damu na malezi. Kuna kimeng'enya, yaani protini inayochochea kazi za kemikali mwilini, kiitwacho G6PD ambacho huzikinga chembe nyekundu za damu dhidi ya kemikali fulani. Jeni yake imo katika kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, ambayo mvulana anayo moja tu, aliyoipata kwa mama yake, na ndiyo maana upungufu wake hujitokeza zaidi kwa wavulana. Umeenea katika nchi za malaria, Pwani yetu ikiwemo, kwa kuwa upungufu huo humpa mtu kinga fulani dhidi ya malaria. Mtu anaweza kuwa nao maisha yake yote asijue. Lakini mtoto mchanga mwenye upungufu huo akivishwa nguo zilizotoka sandukuni na naftalini, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka kwa wingi, manjano yakapanda, na ubongo ukawa hatarini. Ndugu yake asiye na upungufu huo akivishwa nguo za sanduku hilo hilo, huenda asidhurike hivyo. Ukiuliza aliyemdhuru mtoto ni jeni au ni sanduku, utaona kwamba swali lenyewe halishikiki.

Hina nayo imo katika orodha hiyo. Watoto wenye upungufu wa G6PD wamewahi kupungukiwa na damu kiasi cha kuhatarisha maisha baada ya kupakwa hina, na katika umri wa miezi tisa hatari ya kupungukiwa damu ingali ipo. Barua yako haisemi kama alipimwa. Omba apimwe, na msichana pia, kwa kuwa wasichana nao huweza kuwa nao. Mpaka majibu yatoke, sikukuu ipite bila hina kwa wote wawili.

Wanja wa jiwe nausimamisha moja kwa moja. Aina nyingi za wanja wa namna hiyo husagwa kutokana na jiwe lenye madini ya risasi, na mtoto hujifuta macho kisha akatia mkono kinywani. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi huuvuruga ubongo unaojengwa, hupunguza akili, na humfanya mtoto awe mwepesi wa hasira na asiyetulia. Mombasa hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni: watu wa kijiji cha Owino Uhuru waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na baada ya kazi ndefu ya mama mwenzako Phyllis Omido, mahakama ya mazingira ya hapa mjini iliamuru mwaka wa 2020 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwelezee daktari habari ya wanja, umwulize kama damu ya msichana ipimwe risasi. Anayetaka kumkinga mtoto na jicho, dua ipo.

Kutambaa kusikukoseshe usingizi. Kwanza, waliozaliwa wiki nne mapema huhesabiwa umri kwa kutoa wiki hizo, kwa hiyo katika mambo haya pacha wako wana miezi minane. Pili, Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana na Oman zikiwemo, likaona kwamba kutambaa kwa mikono na magoti huanza popote kati ya miezi 5.2 na 13.5, na kwamba karibu 4 kati ya 100 hawakutambaa kabisa. Tatu, hata hili lina malezi ndani yake. Charles Super, aliyechunguza watoto wa Kipsigis katika kijiji kimoja cha Bonde la Ufa miaka ya 1970, aliona kwamba walikaa na kutembea takriban mwezi mmoja mapema kuliko watoto wa Marekani, kwa sababu mama zao walikuwa wakiwafundisha kukaa na kutembea. Kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakutangulia. Mtandikie mkeka, mlaze kwa tumbo, umwekee kitu akipendacho mbele kidogo. Ukiona hatumii mkono au mguu wa upande mmoja, au jambo alilokuwa akiliweza limempotea, hapo usingoje.

Katuni zizimwe. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka wa 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekewe skrini kabisa. Patricia Kuhl wa Seattle aliwachukua watoto wa Marekani wenye miezi tisa, kama wako, akawasikilizisha Kichina. Waliosemeshwa na mtu aliyeketi nao sakafuni walijifunza kuzitofautisha sauti za lugha hiyo. Waliooneshwa mtu yule yule kwenye televisheni hawakujifunza kitu. Mume wako ana nia njema na sauti nzito ambayo watoto wameizoea tangu tumboni. Akitoka zamu awasimulie yaliyotokea gatini, meli gani imetia nanga, nani kagombana na msimamizi. Wakitoa sauti anyamaze awasikilize, kisha awajibu.

Kuna jambo la chakula ambalo huulizwi mara nyingi. Watoto waliozaliwa mapema huzaliwa na akiba ndogo ya madini ya chuma, na pacha hugawana iliyopo. Upungufu wake humfanya mtoto awe mwepesi wa kulia na mwenye usingizi mbovu, mbali na kuudhoofisha ubongo. Uliza kliniki kama wanahitaji dawa ya matone, na katika uji na viazi vyao ongeza maini yaliyopondwa, dagaa waliosagwa, pojo na yai. Chai wasipewe, hata ya maziwa, kwa kuwa hupunguza ufyonzwaji wa madini hayo.

Nawe pia, dada. Umeandika kwamba unalala ukijiuliza, na sidhani ni usiku mmoja. Ikiwa huzuni haikutoki, huna hamu ya kula, au unajiona huna faida kwa watoto, liseme kliniki kama unavyolisema la watoto. Mama aliyezama katika huzuni hushindwa kuzisoma zile ishara ndogo, na hilo lina tiba.

La mavyaa wako asilisemee mtu mwingine isipokuwa mwanawe. Akamwone faraghani, ampe kwa upole habari ya jiwe la wanja na ya hina, amwombe lile neno la shangazi lisirudiwe mbele ya watu, kwa heshima ya mtoto na ya wifi yako vilevile, ambaye naye husikia yanayosemwa. Kisha mpeni mavyaa wako kazi: awe ndiye anayempakata msichana kila Ijumaa jioni baada ya dakika zile kumi, akimwimbia zile nyimbo alizowaimbia watoto wake.

Miadi ya masikio itafuteni wiki hii katika hospitali yenye kliniki ya masikio, pua na koo. Chukua kijitabu cha kliniki, na umwambie daktari mambo matatu hata asipokuuliza: kwamba mvulana alizaliwa wiki nne mapema, kwamba aliwekwa chini ya taa kwa manjano, na kwamba haitiki jina lake. Nendeni siku ambayo mume wako hana zamu, maana mvulana anapopimwa panatakiwa pawe kimya, na msichana atahitaji mtu wa kumtoa nje.